Kabla Uende Ufaransa, Uliza Kuhusu Basi

Tusidanganyane. Vijana wengi wakiskia kazi ya kulea watoto Ufaransa, akilini wanaona Paris. Lakini familia inayokuita inaweza kuwa iko Creuse, mahali ng'ombe ni wengi kuliko watu.

Huko hakuna boda, hakuna matatu. Basi la kijiji mara nyingi ni la watoto wa shule, na shule zikifungwa hulioni. Saa sita mchana maduka yanafungwa watu waende kula. Jumapili mchana ni kimya kabisa. Daktari ndiye shida kubwa: Wafaransa wenyewe huita sehemu kama hizo jangwa la matibabu.

Na si eti ni wageni tu wanalia. Novemba 2018 wenyeji walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara, chanzo kikiwa kodi ya mafuta. Bila gari, hata wao wamekwama.

Sasa wewe mgeni, bila gari na bila Kifaransa, unategemea mwajiri akupeleke dukani, hospitali, hata stesheni. Akiwa mtu mzuri, sawa. Akianza kukunyanyasa, utatoka hapo aje?

Kwa hivyo usiulize pesa ya mfukoni pekee. Stesheni iko kilomita ngapi? Siku ya mapumziko nani atanibeba? Majibu yaandikwe kwa mkataba.

Ya Saudia ilitufunza kuuliza nani atashika paspoti. Ya Ufaransa, uliza basi linapita saa ngapi.