Kinga ya kompyuta isiwe ugonjwa mwingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni la wataalamu wa mjini, kumbe linatugusa hata sisi wakulima wa Mahurunga, huku kando ya Mto Ruvuma. Nalo ni zile programu za kuzuia virusi vya kompyuta, maarufu kwa jina la antivairasi, ambazo mahali pengi zimekuwa mzigo kwa mashine zinazotakiwa kuzilinda.

Msomaji anaweza kuuliza, mkulima na kompyuta wapi na wapi? Jibu ni kwamba korosho siku hizi haziishii kwenye mizani. Tangu msimu wa 2007/2008 zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na tangu Oktoba 2024 minada yake imekuwa ikiendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Majina ya wakulima, kilo walizopeleka na akaunti zao za benki, vyote vinapita kwenye kompyuta. Mashine ikikwama, malipo nayo yanachelewa, na mahitaji ya nyumbani hayangoji.

Sasa tatizo ni nini? Utakuta ofisi ina mashine moja tu, tena ya zamani, yenye kumbukumbu ndogo. Antivairasi hufanya kazi kwa kukagua kila faili linalofunguliwa na kulilinganisha na orodha yake ya virusi vinavyojulikana, na kazi hiyo inakula nguvu ya mashine. Karani anabonyeza saa 3 kamili, kitu kinafunguka saa 3 na robo. Anaitwa fundi, naye anaongeza antivairasi ya pili bila kuiondoa ile ya kwanza. Hapo walinzi wawili wanaanza kushukiana, kila mmoja akimkagua mwenzake, na mashine inagoma kabisa. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na kwa kompyuta maneno hayo ni kweli tupu.

Aidha, nyingi ya programu hizi ni za majaribio ya siku 30. Muda ukiisha, kila asubuhi linatokea tangazo la Kiingereza la kutisha likidai malipo. Baadhi ya watu hukimbilia nakala za wizi, ambazo mara nyingi ndizo zinazobeba virusi. Hali kadhalika, orodha ya virusi yafaa iongezwe kila siku kwa mtandao, lakini ofisi haina bando. Matokeo yake orodha ni ya miezi mingi iliyopita, huku flashi zikizunguka kutoka duka la kuchapa barua hadi ofisini na majumbani. Ndiyo kusema mashine ni nzito, na ulinzi wenyewe haupo.

Ndugu Mhariri, jambo hili halitokani na uchanga wetu peke yake, kwani hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ya Marekani ilituma orodha mpya yenye kosa, na antivairasi yake ikalishika faili halali la Windows XP ikidhani ni kirusi. Kompyuta nyingi duniani zikawa zinazima na kuwaka zenyewe. Tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilituma nyongeza mbovu ya programu yake ya ulinzi. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege hazikuruka na hospitali zilikwama. Kosa lenyewe lilisahihishwa kwa dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilibidi zitengenezwe kwa mkono, moja baada ya nyingine. Wenzetu hao walikuwa na mafundi ndani ya jengo. Fundi wetu yuko Mtwara mjini, na nauli yake ni juu yetu.

Kwa sababu ya usumbufu huu, wapo wanaosema antivairasi zing'olewe zote. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya matatizo ya hesabu zilizokuwa zikishughulikiwa kwa kompyuta ya Wizara ya Fedha. Marufuku ile baadaye iliondolewa, na leo hakuna wizara inayofanya kazi bila mashine hizo. Kumfukuza mlinzi mvivu na kuacha mlango wazi si dawa. Dawa ni kuupanga ulinzi wenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wahusika, hasa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Mamlaka ya Serikali Mtandao na halmashauri zetu, walitazame jambo hili kabla ya msimu kuanza. Kwanza, kompyuta inayopelekwa kijijini iende pamoja na fungu la matunzo, yaani bando, leseni na fundi. Pili, makarani waelezwe kwamba Windows zilizotoka tangu mwaka 2012 zina mlinzi wake ndani, na kwa ofisi ndogo huyo mmoja akitunzwa vizuri mara nyingi anatosha. Tatu, mashine zenye Windows 10 zikaguliwe, kwani matengenezo yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nne, nyongeza yoyote ijaribiwe kwenye mashine chache kabla ya kusambazwa kwa wote. Tano, daftari la kilo za kila mkulima lisitupwe, kwani karatasi haiingiwi na virusi.

Mwisho, tusikubali maneno ya "mtandao unasumbua" kuwa jibu la kila mkulima anayeuliza fedha zake. Mara nyingi mtandao hauna kosa lolote. Kosa ni mashine iliyoletwa kwa sherehe na kuachwa bila mtu wa kuitunza.

Mkulima wa Korosho,
Mahurunga, Mtwara.