Kadi za Migomba na Mizani Yetu

Kila Desemba, ndugu zetu wanapopanda mlimani kutoka Dar es Salaam, mama mmoja wa usharika wetu hupanga kadi zake juu ya kitenge nje ya kanisa. Ni za magome makavu ya migomba. Huyachagua kwa rangi, meupe, ya kahawia, meusi, akayakata kwa wembe na kuyabandika mpaka Kibo itokee, au hori la Bethlehemu. Moja ni shilingi 2,000. Tunaishika, tunaigeuza, tunasema: "Mama, si magome tu haya? Chukua mia tano."

Muda mfupi kabla ya hapo, kwenye mnada wa sadaka, yai moja limetoka kwa shilingi 5,000 nasi tukapiga vigelegele.

Wapendwa washarika, huo si ubahili, ni dhuluma. Mithali 20:14 inamjua mnunuzi anayeiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, kisha akaenda zake akijisifu. Naye Yakobo, sura ya 5, asema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana.

Sisi wachungaji tumo. Wageni wa usharika rafiki wa Ujerumani walipokuja, mama yule aliombwa kadi 40 "kwa kazi ya Bwana". Mimi ndiye niliyewakabidhi wageni, nikashangiliwa. Hakulipwa, wala sikuuliza. Mtaniambia alijitolea. Aliyeombwa mbele ya kamati nzima angekataaje? Huyo ametozwa.

Tunadhani biashara ya haki ni jambo la Wazungu na lebo zao. Wazee wetu waliisajili KNCU mwaka 1933 kwa sababu mkulima aliye peke yake mbele ya mnunuzi wa kahawa hana sauti. Na huko ng'ambo, mwaka 1946, Edna Ruth Byler, Mmennonite wa Marekani, alianza kuwauzia majirani vitambaa vilivyotariziwa na wanawake maskini wa Puerto Rico, ili wao wapate riziki. Leo shirika la dunia la biashara hiyo, WFTO, linataka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau asilimia 50 mapema, fundi akiomba. Sisi hata baada ya kazi hatutoi!

Wengine husema malighafi yake ni ya bure. Aliyelelewa kihambani hasemi hivyo. Mgomba huzaa mara moja, hukatwa, shina humlisha ng'ombe, na magome hubaki chini kutunza unyevu wa udongo. Akiyakusanya yote, shamba litamdai. Wale wanaochemsha nyuzi kutengeneza karatasi yenyewe nao wahesabu kuni, maana msitu wetu umechoka. Lakini tusimhubirie mama huyu mazingira huku zawadi zetu za kipaimara zimefungwa nailoni inayometameta, ambayo kesho imo korongoni. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Tumeirudisha kanisani kwa jina la mapambo.

Nimeliomba baraza la wazee tuagize kwake kadi zote za kipaimara kijacho, nusu ya fedha ilipwe siku ya kuagiza. Mzee mmoja ameuliza kama hawezi kupunguza kidogo. Nimemjibu kwamba hapana. Zile 40 za wageni nimezilipa mwenyewe, shilingi 80,000, na nimechelewa miaka miwili.