Miradi ya Mwingi Isiwe Yatima

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea arusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, katika eneo la Mwingi. Mto ulikuwa umefurika. Dereva alijaribu kuvuka mahali ambapo watu wamevuka miaka nenda miaka rudi, basi likapinduka na zaidi ya watu 30 wakafa maji huku wengine wakitazama ukingoni bila uwezo wa kuwaokoa. Baada ya msiba huo, daraja likaahidiwa.

Hatuandiki haya ili kutonesha vidonda vya waliofiwa. Twaandika kwa sababu msiba huo ulizua swali ambalo halijajibiwa barabara katika mji wa Mwingi, wala katika miji mingi midogo ya nchi hii. Swali lenyewe ni hili: barabara, mtaro, bomba na daraja ni mali ya nani, na ni nani anayepaswa kuvilinda kabla ya maafa kutokea?

Wengi watajibu upesi kwamba ni mali ya serikali. Lakini ni serikali ipi? Barabara kuu ya Thika kwenda Garissa, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mji wa Mwingi, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu. Ziko mamlaka nyingine mbili, moja ya barabara za mijini na nyingine ya barabara za mashambani, na zote tatu zilianzishwa na Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007. Barabara nyinginezo, pamoja na masoko, taa za mitaani, maegesho na mitaro ya maji ya mvua, Katiba imezikabidhi serikali za kaunti. Maji ya mfereji huletwa na Kampuni ya Maji ya Kiambere-Mwingi. Madarasa ya shule, kwa miaka mingi, yamejengwa kwa fedha za Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge iliyoanzishwa mwaka wa 2003.

Kwa hiyo, mtu anayetembea hatua mia mbili katika mji huo aweza kupita mbele ya kazi za mabwana wanne au watano, kila mmoja akiwa na mfuko wake, mhandisi wake na kitabu chake cha hesabu. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtaro ukiziba mahali ambapo barabara kuu inakutana na uchochoro wa soko, kila nahodha aweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba kazi hiyo ni ya mwenzake. Wakati huo huo maji yanaingia katika kibanda cha mwuzaji ndengu.

Hali hii haikuzuka jana. Miaka ya kwanza ya uhuru, mabaraza ya wilaya ndiyo yaliyosimamia shule za msingi, zahanati na barabara nyingi za mashambani. Sheria ya Kuhamisha Majukumu ya mwaka wa 1969 iliyanyang'anya kazi hizo na kuzipeleka Nairobi. Mabaraza yakabaki na ada za soko, leseni na kodi za viwanja, mapato ambayo katika mji mdogo hayatoshi hata kulipa mishahara. Ndipo ilipotungwa sheria ya mwaka wa 1998 iliyoanzisha hazina ya kuzigawia serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Miaka michache baadaye mabaraza yakatakiwa kuwaita wakazi mkutanoni ili wachague miradi kabla ya fedha hizo kutumiwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilibadili mambo kwa mara nyingine. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza yote 175 yalivunjwa, likiwemo Baraza la Mji wa Mwingi. Hatutaki kulilia baraza hilo. Mabaraza yalikuwa na dosari zake, na wengi tunakumbuka wafanyakazi waliokaa miezi mingi bila mishahara na takataka zilizorundikana. Lakini lilikuwa na jina, ofisi na bajeti iliyoitwa bajeti ya Mwingi. Aliyekuwa na malalamiko alijua mlango wa kubisha.

Leo mji huo ni tawi katika bajeti ya Kaunti ya Kitui. Katiba inasema kwamba kila mwaka kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika miaka ya karibuni fungu la Kitui limekuwa kama shilingi bilioni 10. Fedha hizo ni nyingi zikitajwa, lakini kaunti yenyewe ina wadi 40 na, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, wakazi 1,136,187. Ushuru anaolipa mama wa sokoni Mwingi, pamoja na ada ya maegesho anayotozwa mwenye matatu, haubaki mjini. Huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hauwezi kutolewa humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti.

Tunakubali kwamba ulinzi huo ni mwema, kwani huzuia mkono mrefu usichote upendavyo. Hata hivyo, una gharama yake. Aliyetoa ushuru hawezi kuona ulikokwenda, na msimamizi wa mji hana uwezo wa kununua hata mifuko kumi ya saruji ili azibe shimo lililochimbika usiku wa mvua.

Zaidi ya hayo, ipo siasa ya kugawa sawa. Kitui imekuwa na mpango wa miundombinu ya jamii unaoipa kila wadi sehemu yake, ili wananchi wachague kivuko, kisima au choo cha shule. Nia yake ni njema, na kijiji kilichosahauliwa kimepata kitu. Lakini kazi za mji hazikatwi vipande kama keki ya arusi. Mtaro unaoanzia wadi moja na kuishia nyingine hauna faida ukijengwa nusu. Daraja halijengwi kwa fedha za kujengea choo. Mgao mdogo ukienda kila mahali, kazi kubwa hubaki ikisubiri mwaka ujao, na mwaka ujao huleta ahadi nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo hotuba za uzinduzi hazigusi, nalo ni matunzo. Chukua mfano wa maji. Mwingi haina mto usiokauka karibu nayo, na kwa hiyo maji yake huvutwa kutoka Kiambere, kwenye bwawa la Mto Tana ambalo mtambo wake wa umeme ulikamilika mwaka wa 1988. Maji hayo hayapandi vilima kwa hiari yake. Husukumwa kwa pampu, pampu hula umeme, na umeme hulipiwa kila mwezi. Bomba likipasuka njiani, kampuni hulipia umeme wa maji yaliyomwagika mchangani. Uzinduzi wa bomba hufanywa kwa ngoma na hotuba, lakini bili ya umeme huja bila shangwe. Mradi ambao haukutengewa fedha za kuuendesha ni mtoto aliyezaliwa na kuachwa mlangoni.

Wakamba hawakuanza jana kushughulikia mambo haya. Kabla ya neno bajeti kujulikana, walikuwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani walioitana kulima, kujenga au kuchimba kwa zamu. Katika Kitui ya miaka ya 1990, desturi hiyo iliunganishwa na utaalamu wa kisasa. Shirika la SASOL lilianza kusaidiana na wanavijiji kujenga mabwawa ya mchanga, na kwa muda wa miaka mingi mamia ya mabwawa hayo yamejengwa. Ukuta wa saruji na mawe huwekwa juu ya mwamba, kukingama mto wa msimu. Mafuriko yakija huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo ambamo jua haliyafikii kwa urahisi. Shirika lilitoa saruji na fundi, na wanavijiji wakatoa mawe, mchanga na nguvu zao.

Sisemi kwamba mwethya waweza kujenga daraja la Enziu. Ni makosa kumtaka mlipa kodi abebe mawe kichwani ilhali kodi yake imeshapokewa. Tena tunakumbuka jinsi kazi za pamoja zilivyogeuzwa kuwa shuruti wakati wa ukoloni, na jinsi harambee, iliyojenga shule nyingi baada ya uhuru, ilivyokuja kuwa jukwaa la wanasiasa kushindana kwa maburungutu ya noti. Tunaloweza kujifunza kutoka kwa mwethya ni kwamba kila aliyehusika alijua ni nani aliyeleta nini, kazi ilifika wapi, na ni nani angeitwa ukuta ukipata ufa. Ujuzi huo ndio unaokosekana katika miradi ya miji yetu.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni fedha tu, na kwamba mji maskini hauwezi kufanya zaidi. Kuna ukweli katika hoja hiyo. Wamiliki wengi wa viwanja katika miji midogo hawalipi kodi ya ardhi, na baadhi yao ndio wanaopiga kelele kwanza mtaro ukifurika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni vigumu kumshawishi mtu alipe ilhali haoni kitu ambacho malipo yake yamefanya. Uwazi na ulipaji wa kodi ni mapacha.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Mwingi iwe na daftari moja la miradi yote iliyo ndani ya mipaka yake, iwe ya kaunti, ya serikali kuu, ya eneobunge au ya kampuni ya maji. Daftari lioneshe gharama, aliyetoa fedha, mkandarasi, tarehe ya kumaliza na, zaidi ya yote, ofisi itakayotunza mradi huo. Libandikwe sokoni na katika ofisi za wadi, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa.

Pili, mradi wowote usipitishwe kabla ya kutengewa fedha za matunzo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inataka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Mradi ukianguka baada ya miaka mitano kwa kukosa matunzo, hayo hayakuwa maendeleo.

Tatu, sehemu ya mapato yanayokusanywa mjini itajwe waziwazi katika bajeti kuwa ya mji huo, na isimamiwe pamoja na wakazi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011, iliyorekebishwa mwaka wa 2019, inawapa wakazi wa mji haki ya kushiriki katika uendeshaji wake. Haki hiyo isibaki kwenye karatasi.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu na wanafunzi. Bajeti ya kaunti si siri ya wahasibu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kufika bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mifano ya asilimia ataipata humo kwa wingi. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka mada ya insha anaweza kuwauliza wanafunzi waeleze historia ya kivuko wanachopitia kwenda shuleni: kilijengwa lini, kwa fedha za nani, na nani hukitengeneza. Majibu yakikosekana, wanafunzi waandike barua rasmi kwa ofisi ya wadi. Hilo nalo ni somo.

Mwanafunzi atakayejifunza leo kusoma safu moja ya makadirio hatadanganywa kesho na jiwe la msingi lililowekwa mara mbili. Na mzazi atakayeulizwa na mwanawe kuhusu mtaro wa mtaa wao huenda akaona haya ya kukosa mkutano wa bajeti kwa mara nyingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua za Oktoba hadi Desemba huja Ukambani kila mwaka, nazo hazingoji kamati zielewane. Yafaa kila mwenye ufunguo wa mfuko wa Mwingi atuambie sasa, kabla ya mito kujaa, ni ufa upi ulio wake.