Nanasi likikuwasha ulimi, usimwekelee mama mboga kemikali

Wasee wa Nax, hizi video lazima ziishe. Mnazijua, zote zinafanana. Mtu ananunua nanasi kibandani, anafika kwa keja, anakata vipande viwili, anauma, anakunja uso. Kamera inasogea karibu. "Oneni, ulimi unawasha! Hii imedungwa dawa! Hawa watu wanatuua!" Chini yake ni komenti za watu wanaoapa hawatanunua tunda la barabarani tena, na lazima kuwe na mmoja wa kutaja steji na rangi ya mwavuli.

Chini ya huo mwavuli kuna mama ya mtu. Aliamka usiku kuenda Wakulima Market, akalipa wa mkokoteni, akalipa ushuru, akapanga mananasi yake kumi na tano. Yasipouzwa kwa siku tatu nne yanaanza kuchacha upande wa chini na hiyo ni karo imeenda. Wewe umepata likes. Yeye amepata nini?

Na shida ni kwamba hiyo kesi yenu haina ushahidi. Kinachowasha kinaitwa bromelaini. Ni kimeng'enya ambacho nanasi lenyewe linatengeneza, hakuna mtu amekitia, na kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ulimi wako ni nyama, buda. Unapokula nanasi, nanasi nalo linakuonja kidogo. Ongeza asidi yake juu ya hiyo ngozi iliyokwanguka na utahisi moto. Ndio maana kuna wapishi huloweka nyama ngumu kwa maji ya nanasi ili ilainike. Sasa angalia nanasi la mkebe, haliwashi kamwe. Ni kwa sababu limepitishwa kwa moto kiwandani, na joto huharibu bromelaini. Yaani mtu anasifu tunda lililopikwa kwamba ndilo safi, halafu anashtaki lile bichi lililotoka shambani juzi. Manze!

Ukiona linakuwasha sana, suuza vipande kwa maji yenye chumvi kidogo kabla ya kula. Kwisha maneno.

Najua mtakuja na kabaidi. Sawa, tuongee. Kuna walanguzi wanaivisha ndizi na maembe kwa kabaidi, ni makosa, na washikwe. Lakini ndizi na embe huendelea kuiva baada ya kuvunwa. Nanasi halifanyi hivyo. Sukari yake inatoka kwa mmea, na siku linakatwa shambani, utamu umefungwa hapo. Hata uliweke juu ya friji wiki mbili, litalainika, ganda litageuka njano, litaanza kunuka pombe, lakini halitakuwa tamu kuliko lilivyokuja. Kuna dawa inaitwa ethefoni ambayo hubadilisha ganda liwe njano. Ganda tu! Ndani linabaki vile lilikuwa. Na nani anaifanya hiyo dawa iwe na soko? Ni wewe, unayefika kibandani ukisema, "Mama, nichagulie ile ya manjano." Ukilipia rangi utauziwa rangi.

Mkulima naye ana hesabu yake. Amengoja karibu mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, ndio mmea umpe tunda moja. Nanasi likitoka huko Roret, Kericho, linarushwa kwa lori, linabiringika hadi Mau Summit, linashuka Salgaa, ndio lifike hapa. Likivunwa likiwa limeiva kabisa litafika juisi. Kwa hivyo mengine huvunwa mapema, na hayo ndiyo yanakuja chachu. Mama wa kibanda hakuwa huko shambani.

Kwa hivyo tumia pua. Geuza nanasi, nusa kitako. Kama linanukia nanasi, chukua. Kama halinukii kitu, liache hata kama linang'aa kama jua. Kama linanuka chang'aa, limepita. Libebe mkononi pia, lile zito kuliko ukubwa wake lina maji. Macho yawe yamefura na kutandazika kidogo. Na tafadhali wacheni kung'oa majani ya katikati kupima. Kila mteja anang'oa moja, jioni nanasi lina kipara na hakuna mtu atalinunua.

Halafu kisu, maana hapa ndio mnajimaliza. Nanasi huanza kuiva kutoka chini, kwa hivyo kitako ndicho kitamu na upande wa majani ndio mkali. Wengi wenu mnakata majani, mnakata duara la kwanza hapo hapo juu, mnauma, mnawasha kamera. Umeonja sehemu mbaya kuliko zote ukatoa hukumu! Kata kichwa na kitako, lisimamishe, menya ganda jembamba ukishuka nalo. Macho yatabaki. Yaangalie vizuri: yamejipanga kwa mistari ya mshazari. Fuata mstari na ncha ya kisu, kata mfereji, toa macho matatu manne kwa pamoja. Ukimenya nene ili kuyakwepa, nyama tamu inaenda Gioto na takataka. Kisha pasua kwa urefu, usikate duara, ndio kila kipande kiwe na chini na juu. (Ile video ya 2019 ya kuchomoa jicho moja moja na vidole, sahau. Hilo la kwetu utavunja kucha.)

Na kama kweli umeuziwa lililooza, rudi nalo. Mwambie, "Mama, hili limeharibika," umwonyeshe. Huyo anakuona kila siku, anataka urudi kesho.

Kama uliposti na ukataja steji, ifute leo. Na ukikuja kwa komenti zangu na kemikali, kuja pia na jibu: mbona ile ya mkebe haiwashi?