MFANYAKAZI ALIYE NYUMBANI NAYE APEWE KITI

Tarehe 27 na 28 Januari, 2025, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumza habari za nishati. Barabara kadhaa za mji zikafungwa, na watumishi wa Serikali walioko mjini humo wakaambiwa wafanyie kazi zao nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezekani bila ya wao kuwapo. Siku mbili zikapita, barabara zikafunguliwa, watu wakarudi maofisini, na habari hiyo ikaishia hapo. Sisi twaona kuwa haikustahili kuishia hapo. Amri ile ilibeba swali ambalo halijajibiwa mpaka leo: mfanyakazi akiambiwa aende akafanye kazi nyumbani, huko nyumbani atakaa juu ya nini?

Pengine wako watakaocheka na kusema kuwa kiti ni jambo dogo. Hao twawaomba waingie katika chumba kimoja cha kupanga, Magomeni au Manzese, wamtazame karani kijana aliyepewa kompyuta mpakato na kuambiwa alete hesabu kabla ya magharibi. Meza hana. Amekaa juu ya kitanda, kompyuta i juu ya mapaja, shingo imeinama, mgongo umepinda kama upinde. Waya wa umeme umevutwa kutoka soketi moja inayolisha feni, taa, simu na pasi. Mtoto analia ukumbini, na jirani amefungua redio. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hawakusema ainame kutwa, wala ainame mwaka mzima.

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya makarani peke yao, wala kwamba yaliletwa na maradhi ya mwaka 2020, wakati nchi nyingi duniani zilipowafungia watu majumbani. Kazi za nyumbani ni za zamani. Mwalimu anayesahihisha madaftari usiku kwa taa hafifu anafanya kazi nyumbani. Mama anayeshona sare kwa cherehani barazani, akilipwa kwa kila nguo, anafanya kazi nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019, kabla ya maradhi hayo, watu milioni 260 walikuwa wakifanyia kazi majumbani mwao, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Jeshi kubwa namna hiyo halionekani kwa kuwa kila askari wake yuko peke yake, nyuma ya mlango wake.

Kabla ya kuwadai wengine, na tuseme kwanza lile ambalo kila mmoja wetu aweza kulifanya leo. Mahali pema pa kazi si lazima pawe pa gharama. Kiti kiwe cha kimo ambacho nyayo zinakanyaga sakafu sawasawa. Kikiwa kirefu, weka kibao au tofali chini ya miguu. Nyuma ya kiuno uweke mto mdogo au khanga iliyokunjwa, mgongo upate pa kuegemea. Meza iwe ya kimo ambacho viwiko vinakaa karibu na mbavu na mikono inalala bila ya kuinua mabega. Kompyuta mpakato ina ila moja ya maumbile: kioo na vibonye vyake vimeungana, hata ukiokoa mikono unaumiza shingo, na ukiokoa shingo unaumiza mikono. Dawa yake ni kuipandisha juu ya vitabu au sanduku mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha utumie vibonye vya kando vilivyo chini juu ya meza. Kioo kiwe mbali nawe kadiri ya urefu wa mkono. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma yako wala mbele yako, ili mwanga usipige kioo wala macho. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa muda wa sekunde 20. Kisha usimame, ujinyoshe. Na soketi moja isibebeshwe mzigo wa soketi nne, maana nyumba ikiungua haitauliza kama ulikuwa kazini.

Hayo ni yetu sisi wafanyakazi. Sasa tuyatazame yaliyo ya matajiri. Ofisini, mwenye kazi hutoa meza, kiti, taa na umeme, na hakuna anayemsifu kwa ukarimu. Ni wajibu wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka aangalie usalama wa watu wake. Je, wajibu huo unayeyuka mara mfanyakazi avukapo kizingiti cha nyumba yake? Umeme anaununua nani? Bando la intaneti analilipa nani? Na mgongo ukiharibika baada ya miaka miwili ya kukaa kitandani, mfanyakazi atawezaje kuthibitisha, mbele ya Sheria ya Fidia ya mwaka 2008, kuwa maradhi hayo yametokana na kazi, na ilhali hakuna karatasi hata moja inayosema kuwa chumba kile kilikuwa mahali pa kazi?

Matajiri watajibu kuwa mfanyakazi wa nyumbani ameokolewa nauli na adha ya daladala. Ni kweli, wala sisi hatukatai. Wengi wanaipenda kazi ya nyumbani kwa sababu hiyo. Lakini tajiri naye ameokoa kodi ya ofisi, umeme, maji na mlinzi. Ikiwa faida ni ya wawili, haifai gharama iwe ya mmoja, tena yule aliye mnyonge zaidi.

Liko na jambo la saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, mapumziko ya saa moja kwa mtu aliyefanya kazi saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ofisini, mlango ukifungwa kazi imekwisha. Nyumbani mlango haufungwi. Ujumbe wa saa nne za usiku huitwa swali dogo tu. Lakini maswali madogo matatu ni saa nzima, na saa hiyo haiandikwi popote wala hailipwi.

Wenzetu wameanza kulitengeneza jambo hili kwa sheria. Ufaransa, tangu mwaka 2017, imemtambulia mfanyakazi haki ya kutoshughulika na simu za kazi baada ya saa zake. Hispania iliweka sheria mwaka 2020 kwamba mwajiri ndiye atoaye vyombo na gharama za kazi ya mbali. Ureno ikafuata mwaka 2021. Na tangu mwaka 1996 upo Mkataba wa 177 wa Shirika la Kazi Duniani, unaotaka mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na mwenziwe wa kiwandani, hata katika usalama na afya. Nchi zilizouridhia ni chache.

Hatusemi tunakili ya Ulaya kama yalivyo. Twasema vyama vya wafanyakazi, vinapokaa na waajiri kuandika mikataba ya hali bora, visisahau mambo matatu: kwamba vyombo vya kazi na umeme wake vina mlipaji anayejulikana, kwamba saa za kazi na saa za kupumzika zimeandikwa, na kwamba nyumba ya mfanyakazi, kwa saa hizo, inatambuliwa kuwa mahali pa kazi. Wala mama wa cherehani asiachwe nje kwa sababu hana kompyuta. Mgongo wake na mgongo wa karani ni mgongo mmoja.

Amri nyingine ya kufanyia kazi nyumbani huenda ikaja kesho, kwa mafuriko, kwa maradhi au kwa mkutano. Mfanyakazi ataitii, kama alivyoitii ile ya kwanza. Tunachotaka ni kwamba safari hiyo akute kiti.