TAHARIRI: TUSITOBOE MTUNGI

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu ujao utaletewa ombi la kurefusha mfereji wa bondeni, ili matete yaliyobaki yakauke na watu wagawiwe sehemu mpya za mpunga. Wenye ombi ni wenzetu na shida yao ni ya kweli. Vijana wanaoa, huku juu kote ni mikorosho, na bila bonde hakuna wali. Hatuwabezi. Ila tunasema mapema, kabla ya kura: ombi hili tulikatae.

Kwanza tujisahihishe wenyewe. Mfereji uliopo hakutuchimbia mtu, tuliuchimba siye kwa majembe yetu. Mwaka wa kwanza tulivuna tukashangilia. Haya, tazama leo. Mvua ikinyesha, maji yanapita mbio na kuondoka na udongo. Ikikatika wiki mbili tu, mfinyanzi unapasuka nyufa za kuingia mguu. Visima vya akina mama pembeni ya bonde, vilivyokuwa vikifika mwisho wa kiangazi, sasa vinatoa tope. Kambale haonekani. Ukindu wa kusukia mikeka unafuatwa mbali.

Sababu yake si uchawi. Penye matete ni kama mtungi: panapokea maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo. Ukipitisha mfereji katikati, mtungi umeutoboa.

Wazee wetu waliijua kazi ya maji yanayotulia. Mto Rufiji ulipofurika uliacha rutuba, na maji yalipopungua watu walilima mlau. Hata baada ya mafuriko ya 1968, Serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya juu, wengi waliendelea kushuka bondeni kulima na kulala kwenye madungu. Mabwawa kama Ruwe na Utunge nayo yalipata maji na samaki kwa mafuriko hayo hayo.

Tukitaka kuona mwisho wa mambo, tutazame Usangu, huko Mbeya. Maji ya huko hupita kwenye kinamasi cha Ihefu, yakaingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji yetu. Maji mengi yalichepushwa kwenye mashamba ya mpunga, na tangu 1993 Ruaha Mkuu ukawa unakauka kiangazi. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Ihefu, na wengi wakaletwa Pwani na Lindi, hata huku Rufiji. Kinamasi kiliharibika kule, ugomvi wa ng'ombe na mashamba tukaupata huku. Maji hayajui mpaka wa wilaya, bwana.

Wapo wanaosema: kutunza mito ni kazi ya Serikali. Ni kweli, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo, lakini makao yake ni Iringa. Nani atatoka Iringa kuja kuziba tundu la mfereji wetu? Sheria yenyewe ya maji ya 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji. Na ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kati ya 1998 na 2003, vijiji kama Mtanza-Msona na Twasalie vilikaa na Halmashauri na wataalamu, vikatunga mipango yao ya mazingira. Nao ni Warufiji kama siye.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Mfereji usirefushwe. Uliopo uwekewe vizuizi vya udongo na mbao, maji yakae mpunga unapoyahitaji, yafunguliwe wakati wa kuvuna.

2. Matete yaliyobaki yawe mali ya wote. Kukata ukindu na kuvua kwa ndoana ruksa, kuchoma moto marufuku.

3. Iundwe kamati ya bonde yenye wakulima, wavuvi, wafugaji na akina mama wa visimani. Mfugaji akiachwa nje leo, kesho tutakutana naye shambani.

4. Wanaoomba ardhi wapewe vipande vya bondeni vilivyolala bila kulimwa.

Hili la nne ndilo litakalotuuma. Wapo kati yetu, hata sisi tunaoandika hapa, wenye vipande tulivyovishikilia misimu miwili bila kupanda kitu. Hatuwezi kumwambia kijana asiguse matete huku tumekalia shamba tupu. Basi sisi wa kamati ya gazeti tunaanza: vyetu tutavitaja mbele ya mkutano.

Ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane kwenye mdomo wa mfereji, kila mtu na jembe lake. Mwenye hoja ya kupinga naye aje, aone visima kwanza, halafu tubishane.

Kamati ya Gazeti la Ukutani,
Ushirika wa Kijiji, Mchukwi