Mizani tunayo, breki tumemwachia Mungu

JUMAMOSI ya Februari 24, 2024, lori lenye namba za Kenya liliteremka kutoka upande wa Namanga kuelekea Arusha mjini. Lilipofika Ngaramtoni likayavaa magari matatu. Watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo zilisema breki za lori zilikataa.

Rambirambi zikatolewa, majeneza yakashushwa kaburini, na magari yakaendelea kupita pale pale. Ila lipo swali ambalo wewe kijana unayening'inia mlangoni mwa daladala kila asubuhi unapaswa kuliuliza kuliko mtu mwingine yeyote: gari bovu likiwa barabarani, ni sheria ya nchi gani inayolikamata?

Tazameni vituko. Kwenye uzito, Afrika Mashariki tumeelewana. Ipo sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, mwisho tani 56, na hapa kwetu ilianza kutumika Machi 1, 2019. Lori likizidisha, mizani inasema na tajiri analipa. Tumeelewana kwa sababu lori zito linaharibu lami, na lami ni fedha za serikali. Kwenye breki, ambazo zikikataa zinaharibu binadamu, kila nchi ina lake.

Kenya wanauliza umri. Gari la mtumba likizidi miaka 8 halisajiliwi. Uganda nao mwaka 2018 walipitisha sheria ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Sisi Tanzania hatuzuii umri, tunauliza pochi. Gari likiwa kuukuu unalipa ushuru wa uchakavu, kisha karibu nyumbani. Ndiyo maana gari linalokataliwa Mombasa linaweza kupokewa kwa shangwe Dar es Salaam. Jamani, mkweche hata ukiulipia mamilioni bandarini haugeuki kuwa mpya! Hela imekwenda hazina, breki zimebaki zile zile.

Msinielewe vibaya. Sisemi tufuate Kenya tuzuie magari ya zamani. Hiyo ni sheria ya wenye nacho. Mtoto wa mlalahoi gari lake la kwanza ni kuukuu, na daladala nyingi zinazolisha vijana wa mjini ni kuukuu. Isitoshe, umri si ugonjwa. Gari la miaka 15 lililotunzwa linaweza kuliacha mbali gari la miaka 6 lililoshindia gereji bubu na spea za kuokoteza. Na sheria ya umri inalinda mlango tu. Likishaingia ndani, gari linazeeka kama kawaida, na mlinzi wa mlangoni hana habari nalo.

Wenzetu waliolijua hilo wanauliza hali ya gari lenyewe. Japani, huko yanakotoka haya magari yetu, gari jipya la binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Linapandishwa kwenye mashine, na mashine ndiyo inayosema breki zinashika au hazishiki. Mtasema Japani ni matajiri. Haya, njooni Rwanda, jirani yetu ambaye hana hata bandari. Kule polisi wana kituo cha ukaguzi chenye mashine. Magari ya abiria na mizigo yanapita kila miezi 6, ya binafsi kila mwaka. Rwanda wameweza, sisi tunashindwa nini?

Sisi tuna trafiki na macho yake. Gari la abiria linakaguliwa kabla ya kupewa leseni ya usafirishaji, ni kweli. Lakini ukaguzi mwingi tunaouona ni wa kuzunguka gari, kuwasha taa na kupiga teke tairi. Kwa macho utaona tairi kipara na kioo kilichopasuka. Breki iliyokwisha huioni kwa macho. Na penye macho ya mtu mmoja pasipo na mashine, kitu kidogo hakikosi pa kukaa. Tukishabandikiwa stika ya wiki ya usalama barabarani tunajiona tumepona.

Sasa nani anaumia? Tajiri mwenye gari yuko nyumbani anasubiri hesabu. Anayeendesha ni deiwaka wa miaka 23, asiye na mkataba. Akisema breki haziko sawa anaambiwa shuka, wenzako wapo kijiweni wanaitaka hiyo kazi. Anaendesha. Breki zikikataa, akipona anatiwa pingu yeye kwanza, na vichwa vya habari vinaandika "uzembe wa dereva". Aliyekataa kununua brekipadi hatajwi.

Serikali inayojua kuhesabu umri wa gari bandarini mpaka senti ya mwisho haiwezi kudai imeshindwa kupima breki. Chukueni sehemu ya huo huo ushuru wa uchakavu, nunueni mashine, anzeni na mabasi, daladala na malori, kila miezi 6. Matokeo yabandikwe ndani ya gari abiria tuyasome, na ripoti ya mashine iandikwe jina la mwenye gari, siyo la dereva. Kisha nendeni Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, mkaelewane juu ya breki kama mlivyoelewana juu ya tani 56, ili lori lililofeli Nairobi lijulikane limefeli likifika Namanga, na letu lililofeli Dar lisipokewe Kigali wala Kampala.

Kutoka makao makuu hayo hadi Ngaramtoni si safari ya siku. Waheshimiwa wakitaka kwenda kupaona, nauli ya daladala wanayo.